Mkono wa Patron

Sitaeleza alizaliwa wapi, wala ukoo wake, wala mapadri waliomsomesha. Hayo yatasemwa siku ya mazishi yake na watu wanaompenda, na watakuwa wengi. Mimi nitasema niliyoyaona nikiwa nimesimama nyuma ya bega lake la kushoto, mahali aliponiweka miaka mingi.

Tulimwita Patron. Katika hospitali za Bukavu daktari mkuu wa idara huitwa hivyo, na wengi huitwa kwa adabu tu. Yeye aliitwa hivyo kwa sababu alikuwa na kitu ambacho mwingine mjini hakuwa nacho. Alikuwa na fibro, ule mpira mrefu mweusi wenye taa na kamera kichwani ambao mgonjwa huumeza ili daktari aone ndani ya tumbo lake. Kuangalia tu si kazi kubwa. Patron alijua kufanya kazi kule ndani: kufunga mshipa unaovuja damu, kutoa sarafu kwenye koo la mtoto, kupanua njia ya chakula iliyojibana. Mkono wake ulikuwa mzuri. Nasema hivyo mapema ili mtu asije kusema chuki imenipofusha. Namchukia, na mkono wake ulikuwa mzuri.

Kwanza habari ya gari, maana hapo mtu angeweza kumjua bila kuingia hospitalini. Patron alikuwa na dereva. Dereva huyo alivaa shati jeupe, akafika kwa Patron, mtaa wa Nguba, asubuhi na mapema, akafungua geti la nyumba inayotazama ziwa, akalipangusa gari mpaka likang'aa, kisha akakaa kiti cha abiria. Patron ndiye aliyeendesha. Mashimo yote ya barabara zetu aliyajua yeye, na hakuamini kuwa mtu mwingine angeyakwepa. Siku moja nilimuuliza dereva kazi yake hasa ni nini. Akafikiri kidogo.

"Niko nachunga gari wakati Patron iko ndani," alisema. "Na akichoka, miye niko tayari. Lakini hachokake."

Nyumbani ilikuwa vilevile. Mwaka mpya alitualika sote, madaktari wanafunzi na wauguzi, akachoma nyama mwenyewe, akaikata mwenyewe, akapita sahani kwa sahani akitugawia sambaza, dagaa wa ziwa letu, kwa kijiko, mmoja mmoja, kana kwamba tungeibiana. Mkewe, mama mpole sana, alikaa pembeni mikono ikiwa juu ya mapaja. Tulicheka, tukala. Vijana tulidhani ule ni upendo wa baba kwa watoto wake, na labda ulikuwa upendo, sijui.

Kufundisha ilikuwa sehemu ya kazi yake. Hospitali ilituleta kwake ili tutoke hapo tukiwa na mikono kama yake, turudi makwetu, Walungu, Mwenga, Shabunda, watu wasife njiani wakija mjini. Naye alitufundisha hivi: mmoja wetu alimshikia mgonjwa kile kipande cha plastiki kinachozuia asiung'ate mpira, wengine tulisimama nyuma yake, na yeye alifanya. "Angalia," alisema. Tuliangalia. Mara chache sana, akiwa na furaha, aligeuka na kumpa mtu fibro. "Shika." Ulishika. Mgonjwa akicheua, au kidole chako kikisita kidogo kwenye lile gurudumu linalogeuza kichwa cha mpira, ulisikia neno moja.

"Lete."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayeomba chumvi mezani. Ukampa, akamaliza, akatoka akifuta mikono, na wewe ukabaki na vidole vyako. Nilikuwa na mwenzangu wa Mwenga, jitu la mtu, mwenye akili nzuri na subira ya ajabu. Alimaliza mafunzo, akapewa cheti, akarudi kwao, wakampokea kwa nyimbo na kuku. Hakuwahi hata siku moja kuufikisha mpira tumboni kwa mkono wake mwenyewe. Wagonjwa wakaanza kuja, naye akaanza kutafuta visingizio: leo hakuna umeme, leo groupe, ile jenereta, haina mafuta, leo dawa ya usingizi imeisha. Aliniambia alikuwa anaombea umeme ukatike. Mtu aliyesoma miaka yote hiyo, anaomba Mungu giza.

Nilimuuliza Patron siku moja, kwa heshima zote, tutajifunza vipi kama hatushiki.

"Mutoto yangu," aliniambia. Wote tulikuwa mutoto yangu, sidhani alijua majina yetu. "Fibro haina démocratie. Tumbo ya mutu si shamba ya kujifunzia kulima."

Kulikuwa na ukweli ndani ya maneno hayo, na ndiyo maana hayakujibika. Nani anataka mwanawe awe wa kwanza chini ya mkono usiojua? Lakini Patron alikuwa mtu wa safari. Alipenda mikutano ya Kinshasa na ya Ulaya, na kila alipoondoka alifungia fibro kabatini na kwenda na ufunguo mfukoni mwake. Nakumbuka mchimba dhahabu mmoja ambaye ndugu zake walimtoa migodini kwa pikipiki, wamemfunga kwa kitenge mgongoni mwa mdogo wake, akitapika damu. Tulimpa maji, tukampa damu ya watu wawili. Tulijua hasa mshipa gani unavuja, tungeweza kuuchora ubaoni. Tulikuwa chumba kizima cha watu wenye macho, wala hapakuwa na mkono. Alikufa mchana, na ufunguo ulikuwa hotelini Ulaya. Patron aliporudi tulimweleza, akahuzunika kweli, akamwombea misa. "Ningekuwa hapa, angepona," alisema, na ilikuwa kweli tupu. Sidhani alisikia alichokisema.

Ningependa asiwe na mema, maana kumchukia mtu mbaya tupu ni kazi rahisi. Lakini aliwavulia vikongwe koti lake na kuwafunika nalo pale kwenye kitanda cha chuma. Wakulima waliotoka vijijini aliongea nao Mashi, lugha yao, polepole, akiwauliza habari za ng'ombe mpaka wakasahau woga. Aliuloweka mpira kwenye maji ya uvuguvugu ili usiwe baridi kooni. Mgonjwa akilia alisimama akangoja, hata kama nje benchi limejaa. Na aliimba. Alikuwa na sauti nzito, sauti ya kwaya ya kanisani, na akifanya kazi aliimba chini chini, wagonjwa wakatulia. Wapo waliosema wangependa kuimeza ile kamera tena ili wamsikie.

Sasa Nsimire.

Nsimire alikuwa na miaka sita. Mama yake alitengeneza sabuni nyumbani Bagira, kama wanawake wengi wa huko, kwa mawese na soude, ile dawa kali inayotoboa hata nguo. Soude iliyobaki ilikuwa imetiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa. Kosa hilo hufanywa katika nyumba nyingi za kwetu, na wodi ya watoto haikosi mmoja wa namna hiyo. Mtoto alitoka kucheza ana kiu. Alipona, lakini koo liliota kovu likajibana mpaka hata maji yakapita kwa shida.

Kazi ya kulifungua koo la namna hiyo ni ya subira. Unapitisha waya mwembamba, kisha juu ya waya unapitisha vijiti laini vya kupanulia, chembamba kwanza, halafu kinachofuata kwa unene, halafu kinachofuata, na ukisikia kimekaza unaacha, unamwambia mtoto arudi baada ya wiki mbili. Nsimire alirudi na kurudi. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye benchi nikambeba mgongoni mpaka ndani, maana aliogopa mlango. Alitoka kwenye maziwa akaingia kwenye uji. Kisha siku moja mama yake alinishika mkono kwenye korido, analia na kucheka, akaniambia mtoto amekula bugali na ameomba nyingine. Aliniita binti yake.

Siku iliyofuata ya kurudi kwake, Patron alikuwa na wageni, wakubwa kutoka Kinshasa waliokuja kuona mkono wenye sifa. Alikuwa na furaha. Alieleza kila kitu kwa Kifaransa kizuri, nusu ya uso kwa mtoto na nusu kwa wageni. Alipitisha kijiti chembamba, kikapita. Halafu alinyoosha mkono kwenye sinia niliyoishika mimi, akaviruka vilivyofuata, akachukua kinene.

"Patron," nikamwambia, "kumebaki zile za katikati."

Akawageukia wageni. "Huyu anapendaka kuhesabu," akasema, wakacheka.

Akasukuma. Niliona bega lake likishuka ghafla, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Baadaye kidogo shingo ya mtoto ilianza kuvimba, na kila mtu mle chumbani aliyesoma udaktari alijua kwamba njia ya chakula imetoboka. Wapasuaji walijaribu, mtoto akiwa amekatazwa kumeza hata maji. Nsimire alikufa kabla ya Jumapili.

Sisi tuna mkutano wa asubuhi unaoitwa staff, ambako kifo cha kila mgonjwa hujadiliwa mbele ya madaktari wote. Patron alisimama. Aliniwekea mkono begani, ule mkono wenyewe, nikausikia uzito wake kwenye koti langu.

"Huyu mutoto yangu njo alikuwa anashika," alisema. "Bado iko anajifunza. Miye njo nilimuamini mapema sana, kosa ni yangu. Naomba wote tumusamehe."

Aliniombea msamaha. Watu wakatikisa vichwa, wengine machozi yakawalenga kwa wema wa mzee yule. Nilisema si kweli. Nilisema kwa sauti, mara mbili, kwamba sikushika chochote ila sinia. Wageni walikuwa wamekwisha kupanda ndege. Muuguzi aliyekuwapo alitazama sakafu, alikuwa na watoto wa kusomesha. Na wale wenzangu wote, waliosimama nyuma ya bega lile miaka na miaka wakimlalamikia kwamba hampi mtu fibro, asubuhi ile waliamini kwamba alikuwa amenipa mimi. Ni kweli, ndiyo mara pekee aliyonipa fibro na hakuniambia nirudishe. Alinipa kwa mdomo, mtoto akiwa amekwisha kufa.

Kwenye matanga alikwenda yeye. Mama Nsimire alikuwa ameambiwa na wakubwa wa hospitali yale yale Patron aliyoyasema. Nilipofika Bagira nilimsikia Patron kabla sijaona nyumba. Alikuwa anaimba, sauti ile ile nzito, na ua mzima ulikuwa umenyamaza ukimsikiliza. Wajomba wa mtoto walinizuia mlangoni. Hawakunipiga. Mmoja aliniambia tu, "Dada, rudi kwenu, utatuumiza zaidi," na kwa juu ya bega lake nilimwona Mama Nsimire ameketi chini. Aliniona. Aligeuza uso ukutani.

Nilipelekwa Walungu, wakasema ni kwa faida yangu, nikapate uzoefu. Nilizalisha, nilitibu malaria, nilishona watu walioanguka na pikipiki. Fibro haikuwapo. Aliyetapika damu nilimpakia kwenye minibasi ya Bukavu, kwenda kwa Patron, na kila nilipofunga mlango wa ile basi nilimlaani kwa jina lake. Watu husema chuki inakula mwenye nayo. Mimi ilinilisha. Ndiyo iliyonitoa kitandani, ndiyo iliyonitafutia nafasi ya masomo ng'ambo ya mpaka wa nchi, nikachukuliwa hatimaye, na ndiyo iliyonikalisha chumbani nikisoma wenzangu walipotoka kutembea.

Kule mwalimu wangu alikuwa mwanamke mfupi, mkali, aliyefundisha mikono ikiwa ndani ya mifuko ya koti. Mara ya kwanza nilipokwama nilimgeukia nikamnyooshea fibro achukue, maana ndivyo nilivyozoezwa. Hakuitoa mikono. "Endelea," alisema. Machozi yalinitoka palepale, mgonjwa akiwa amelala mbele yangu, nikaendelea.

Nilirudi Bukavu na fibro ya zamani niliyopewa, nikafungua chumba cha mafunzo katika hospitali nyingine. Kwa mchinjaji tunachukua tumbo la nguruwe pamoja na koo lake, tunalifunga kwenye beseni, na daktari mwanafunzi anapita humo tena na tena mpaka vidole viache kufikiri. Ninatoboa mshipa wa bandia, naujaza maji mekundu, namwambia aufunge. Kisha mgonjwa mwenye njia rahisi, mimi nikiwa karibu. Kisha mgumu zaidi. Hakuna anayepata cheti kwa kuangalia, na akishindwa anarudi kwenye nguruwe, hata awe na mvi. Yule mwenzangu jitu wa Mwenga alikuwa wa kwanza kurudi shule. Siku alipofunga mshipa wa mgonjwa wa kweli alikaa chini sakafuni na viatu vyake vya mpira. Sasa yuko kwao, na haombi giza. Kuna mwingine Walungu, kuna mmoja Bagira kwenyewe, na Shabunda yuko kijana ambaye naweza kumkabidhi mama yangu mzazi.

Watu wananisifu kwa moyo wa kujitolea, na huwa nawaacha waseme. Nilifanya kwa ajili ya wagonjwa, ndiyo. Nilifanya pia ili benchi la Patron libaki tupu. Alikuwa amestaafu hospitalini, akafungua chumba kwake Nguba, na kila daktari niliyemfundisha alikuwa mgonjwa mmoja asiyepita tena kwenye lile geti. Nilipita pale kwa gari nikapunguza mwendo nione. Mwaka mmoja watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Baadaye alikaa dereva peke yake, na shati lake jeupe. Nilifurahi, na sijutii.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo furaha ile haikuligusa. Kati ya wote waliosikia uongo ule, wapo niliowasahau na wapo niliowadharau. Alibaki mmoja. Kila nilipokwenda Bagira kumtembelea yule daktari niliyemfundisha nilikutana na Mama Nsimire njiani, anatoka sokoni na beseni la mboga, maana sabuni aliacha tangu ajali ile ya soude. Akiniona alivuka barabara. Hata kukiwa na matope upande wa pili, alivuka. Mimi niliyembeba mwanawe mgongoni.

Mwaka huu, mvua zilipoanza, Patron aliingia kwenye chumba changu. Kola ya shati ilikuwa imemzidi shingo. Madaktari wanafunzi waliinuka wote, maana sifa zake wanazijua, nikawaambia waketi.

"Mutoto yangu," alisema. "Chakula haipite tena. Ilianza na nyama, sasa hata sambaza. Niko nakunywa maziwa tu."

Nilimwangalia kwa fibro. Alipoumeza mpira alifumba macho, na mimi sikuimba. Chini kabisa ya njia ya chakula palikuwa na kovu lililojibana, kazi ya asidi ya tumbo iliyopanda miaka mingi bila yeye kujitibu. Nilichukua vipande vidogo vikapimwa, havikuwa na kansa. Lilikuwa jambo la kupanua tu. Majibu yalipokuja nilimwambia kwamba atakayefanya ni daktari mmoja msichana niliyemfundisha, mwenye mkono mwepesi kuliko wangu.

"Si hawa batoto," alisema. "Weye."

"Juu ya nini miye?"

"Juu mukono yako naijua."

Hilo lilikuwa kweli. Hakuna mtu duniani aliyejua kuliko yeye kwamba mkono wangu haukuwahi kutoboa mtoto.

"Nitakufungulia," nikamwambia. "Lakini kwanza tutaenda Bagira."

Alielewa mara moja. Alitazama dirishani, mvua inavyopiga mabati ya jengo la pili.

"Ni mambo ya zamani. Ule mama amesha sahau."

"Basi tutamukumbusha, Patron."

Daktari hapaswi kumwekea mgonjwa sharti la namna hiyo. Maadili ya kazi nayajua, nayafundisha kila Jumatatu. Maziwa yalikuwa yanapita, hakuwa katika hatari ya siku ile, na mjini palikuwa na watu ambao wangemfanyia vizuri bila sharti lolote. Nilimwambia hayo yote, nikamtajia majina yao mmoja mmoja. Alikataa kila mmoja. Nilipoinuka kuchukua koti la mvua, aliinuka pia.

Mama Nsimire alikuwa kibarazani anachambua mboga za lenga-lenga. Alipomwona Patron alisimama, akafuta mikono kwenye kitenge, akamletea kiti. Kiti kimoja. Mimi nilisimama kwenye mvua nyepesi, karibu na nguzo. Kwa wazee wa kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajatia kitu mdomoni, naye aliingia ndani, akarudi na kikombe cha uji wa mtama.

Patron hakuweza kukataa. Alikunywa kidogo. Nikaona uji unavyoshuka, unavyosimama, jasho likamtoka kwenye paji la uso, ukarudi. Akaupokea kwa kitambaa. Mama Nsimire alikuwa ameinama kidogo mbele, anatazama koo lake. Alilitazama kama mtu anayejua njia.

"Haipite?" akauliza.

"Haipite, maman."

"Mutoto yangu alikuwaka hivyo."

Mvua iliendelea. Patron aliweka kikombe chini.

"Maman, ile siku, kulikuwa erreur," alianza. "Mambo ya hospitali, wakati ingine inatokeaka..."

"Erreur ya nani?" nikauliza.

Alinitazama mara moja, kisha akatazama miguu yake.

"Yangu. Huyu docteur hakushika kitu. Aliniambia nimeruka, sikumusikia, kulikuwa bageni. Ni mukono yangu njo ilitoboa mutoto. Kisha niliweka juu yake."

Mama Nsimire hakulia. Aliokota jani moja la lenga-lenga lililoanguka, akalirudisha kwenye beseni.

"Na ulikuya hapa," alisema. "Ukaimba."

"Nilikuya."

"Batu bote balisema hatujaona docteur wa namna ile."

Mama Nsimire akageuka upande wangu, na kwa mara ya kwanza tangu mtoto alipokuwa hai alinitazama usoni.

"Miye nilikuwa navuka barabara," alisema.

"Najua, maman."

"Unaweza kumufungulia huyu?"

"Naweza."

Patron akaanza kulia. Alilia kama wazee wanavyolia, bila sauti, kifua kikitetemeka. "Aksanti, maman," alisema. "Aksanti sana. Mungu akubariki."

"Usiniambie aksanti," alisema Mama Nsimire. Hakuinua sauti. "Docteur, umufungulie muzuri. Asikufe. Mutoto yangu alikufa na njaa, huyu asikufe na njaa. Akule bugali, akule nyama, akule kila kitu, aishi miaka mingi. Na kila tonge ikipita pale, asikie vile inapita." Akachukua kikombe, akamwaga uji uliobaki kwenye matope. "Kila mara akikuya kwako, umuulize nini alikula. Kisha uniambie."

Kesho yake nilimfungulia. Waya, kijiti chembamba, kinachofuata, kinachofuata, na kilipokaza niliacha. Wanafunzi wote walikuwapo, na sikupata kufanya vizuri zaidi maishani mwangu. Jioni ile alimeza mkate. Nilimweleza anachokijua tayari, kwamba kovu la namna hiyo hujibana tena, kwamba atarudi baada ya wiki mbili, na kisha tena, huenda maisha yake yote.

Anarudi. Dereva ndiye anayeendesha siku hizi. Patron anakaa kwenye benchi pamoja na wengine, akiitwa anaingia, na kabla sijamlaza namuuliza amekula nini. Ananitajia, polepole, macho yakiwa chini: bugali, sambaza, maharage, juzi nyama ya mbuzi kidogo. Simkatizi mpaka amalize. Amenenepa. Jioni nampigia simu Mama Nsimire, namwambia vyote alivyokula, kimoja kimoja.